Pengo la Mpiga Tarumbeta

Asubuhi Don Heladio Yescas alikuwa mtu wa kahawa; jioni alikuwa mtu wa tarumbeta. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko chini ya kijiji cha Santa Rufina Lachigó, katika milima ya Oaxaca, ambako ukungu hupanda kutoka bondeni na kuingia majumbani bila kupiga hodi. Alipalilia, akavuna, akaanika, na jua likishainama alinawa mikono, akavaa kofia yake ya majani, akapanda ngazi za mawe mpaka chumba cha bendi kando ya kanisa. Akishaingia humo hakuwa tena mkulima mwenye magoti yanayolia. Alikuwa tarumbeta ya kwanza.

Na tarumbeta ya kwanza si cheo cha mchezo pale Lachigó. Mtoto akibatizwa, bendi. Bibi harusi akitoka kwao, bendi. Mtu akifa, bendi humsindikiza kutoka mlangoni kwake mpaka kaburini, na anayeanza wimbo ni tarumbeta ya kwanza. Wengine wote hufuata. Don Heladio alikuwa amewazika kwa pumzi yake wazazi wake, majirani zake, hata mwanawe mmoja wa kiume. Siku ile ya mwanawe hakukosea popote, ila alipofika nyumbani hakuweza kutamka neno mpaka kesho yake.

Lakini tarumbeta haipigwi kwa mapafu peke yake. Hupigwa kwa midomo, na midomo huegemea meno ya mbele kama ngazi inavyoegemea ukuta. Ukuta ukibomoka, ngazi ina kazi gani?

Ukuta wa Don Heladio ulipata ufa zamani, angali kijana. Walikuwa kwenye maandamano ya mtakatifu, mvua imenyesha, mawe yanateleza, naye akajikwaa huku tarumbeta iko mdomoni. Chuma kikagonga jino la juu, lile la mbele kabisa upande wa kulia. Halikuvunjika. Lilimuuma kwa muda, likanyamaza, na miaka ilivyokwenda likageuka rangi, kwanza ya chai ya maziwa, kisha ya chai kavu. Mkewe, Doña Cirila, alikuwa akimtania, "Wenzio wana meno ya dhahabu, wewe una jino la kahawa. Kila mtu huvaa anachovuna."

Mwaka ule mvua za Juni zilipoanza, jino likaamka. Mwanzoni lilikuwa joto tu, kana kwamba mtu ameweka kidole chenye moto juu ya ufizi. Baadaye likaanza kudunda, na mdundo wake ukawa hauachi, hata akilala, hata akisali. Don Heladio akatafuna karafuu. Akasukutua maji ya chumvi. Akashikilia mdomoni fundo la mezcal, ile pombe kali ya kwao, mpaka machozi yakamtoka, kisha akalimeza kwa kuona si vizuri kuitupa.

"Nenda zahanati," Doña Cirila alimwambia.

"Halinisumbui sana."

"Wewe halikusumbui. Linanisumbua mimi. Unageuka kitandani kama hindi kwenye makaa."

Kwenye bendi mambo hayakuwa tofauti. Don Tranquilino, mpigaji wa tarumbeta nene, ndiye aliyesimama kuwa baba wa ubatizo wa binti mkubwa wa Don Heladio, na tangu siku hiyo waliitana kompadre na kusemana bila huruma. Jioni moja walipomaliza kipande, alimwegemea akamwuliza, "Kompadre, pale mwisho ulikuwa unapiga au unalia? Nauliza tu, maana mimi nilishika kofia nikadhani kuna msiba."

Wote wakacheka, Don Heladio naye akacheka, lakini alicheka mdomo umefumbwa.

Hakuna aliyejua alichokuwa anakiogopa. Walidhani ni sindano. Sindano haikumtisha, alikuwa ameshaumwa na nge shambani mara nyingi. Alichokuwa akikiona kila akifumba macho ni uso wa marehemu Crispín, aliyekuwa tarumbeta ya kwanza kabla yake na ndiye aliyemfundisha. Crispín alipong'oka meno ya mbele, alijaribu kupiga, hewa ikamtoka pembeni kama paa linalovuja. Akaitundika tarumbeta msumarini. Aliacha kuja kwenye mazoezi, akaacha kuja kwenye sikukuu, na bendi ikipita mbele ya nyumba yake alifunga dirisha. Haukupita muda mrefu wakamzika. Watu walisema ni kifua. Don Heladio, aliyeongoza wimbo siku hiyo, alikuwa na maoni yake.

Hatimaye alikwenda zahanati, kwa sababu Doña Cirila alimwambia kwamba asipokwenda yeye, atamleta daktari nyumbani na kumkaribisha chakula mbele ya majirani.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo wa mjini, Fabiola Carreño, aliyemaliza masomo na kutumwa kijijini kutumikia mwaka wake kama wanavyotumwa wenzake. Alikuwa na kiti cha kuegemea ambacho pedali yake ilikwama kila siku ya baridi, na taa aliyoifunga kwa utepe wa plasta isianguke. Akamwangalia Don Heladio kinywani kwa muda mrefu. Akaligonga jino taratibu, akaubonyeza ufizi, akapitisha kichuma chembamba pembeni, na kile kichuma kikazama ndani zaidi kuliko ilivyopasa.

"Hili lilipata kugongwa?"

"Zamani. Kabla hujazaliwa."

"Basi tangu hapo limekufa. Na sasa mzizi umepasuka, Don Heladio. Mzizi uliopasuka haushonwi. Itabidi litoke."

"Baada ya sikukuu," akasema Don Heladio, na tayari alikuwa anatafuta kofia yake.

Daktari akakiweka chini kioo chake. Hakumkaripia. Akavuta kigoda akakaa. "Sikukuu ina nini?"

Labda ni kwa sababu aliuliza kisha akanyamaza kweli, bila kutazama mlangoni kuona nani anafuata. Don Heladio akajikuta anamsimulia, habari za Crispín, dirisha lililofungwa na tarumbeta iliyotundikwa. Alipomaliza aliona haya, mtu mzima mwenye wajukuu kumlalamikia binti wa watu.

"Sitakudanganya," daktari akasema. "Kama utapiga tena kama zamani, sijui. Ninachojua ni kwamba hapo huna jino tena. Una kidonda kilichovaa jino. Na kidonda cha mahali hapo, chini ya pua, kikiamua kupanda juu, kinapanda pabaya. Nakupa vidonge vipunguze usaha, umeze vyote, halafu urudi tulitoe. Lakini ukiona uvimbe unalifuata jicho, usingoje vidonge wala sikukuu. Njoo. Hata ukinikuta nakula, njoo."

Vidonge vilifanya kazi, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Maumivu yakiondoka, huondoka na akili ya mtu. Don Heladio aliposikia mdundo umetulia, akasema jino limepona, vidonge vilivyobaki akavitia ndani ya chungu cha maharage makavu, na zahanati akaipitia kwa mbali. Mazoezi ya sikukuu ya Santa Rufina yalikuwa yamepamba moto. Wageni wangekuja kutoka vijiji vya jirani pamoja na bendi zao, na hakuna mtu wa Lachigó aliyetaka kusikia kwamba bendi ya jirani ni bora.

Sikukuu ilipokaribia, Don Heladio aliamka na mdomo wa juu mzito. Akasema ni baridi. Mchana pua ilikuwa imekaza upande mmoja. Jioni alipoingia chumba cha bendi, alivuta kofia mbele na kukaa kwenye kiti chake bila kusalimia sana. Wakaanza. Kando yake alikuwa ameketi Oralia, tarumbeta ya pili, mama wa watoto wawili na mwoka mikate, ambaye Don Heladio alimfundisha tangu alipokuwa hawezi kuishika tarumbeta bila kuiegemeza magotini. Katikati ya wimbo Oralia akageuka kumtazama, akaacha kupiga.

"Mwalimu, jicho lako."

"Jicho halipigi tarumbeta. Endelea."

Oralia akailaza tarumbeta mapajani. "Mimi siendelei."

Don Tranquilino naye akaacha kupiga. Kisha zumari zikanyamaza, kisha ngoma, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikasikika mvua tu juu ya mabati.

"Mnanigomea?" Don Heladio akauliza.

"Tunakugomea, kompadre," akasema Don Tranquilino, na safari hii hakuwa na mzaha usoni. "Mwaka huu tumezika watu wa kutosha. Wewe hatuna nafasi ya kukuzika."

"Na siku yako ikifika," Oralia akasema, sauti ikimtetemeka, "nani ataanza wimbo? Mimi? Mimi sitaweza, mwalimu. Nakuambia mapema. Sitaweza."

Don Heladio akataka kujibu, lakini aliposimama chumba kikamzunguka. Alikuwa na homa ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Wakamshika huku na huku, wakateremka naye kwenye ngazi zenye maji, wengine wakiwa bado na vyombo vyao shingoni, na Doña Cirila akawakuta njiani na mtandio wake kichwani, kwa maana habari Lachigó hazihitaji miguu. Hakumgombeza. Hapo ndipo Don Heladio alipoogopa.

Daktari Fabiola walimkuta anakula kweli, maharage meusi na tortilla, vile vikate vyembamba vya mahindi. Alitazama lile jicho lililobaki kama mstari, akasukuma sahani, akaenda kunawa.

"Lala hapa. Doña Cirila, mshike miguu, si kwa kumfunga, ni ili ajue upo. Ninyi wengine nje, na hiyo ngoma pia."

Alitayarisha vyombo vyake kwa utaratibu, huku akimweleza kila anachofanya. "Sindano ndiyo mbaya. Ikishapita hiyo, mimi na wewe hatuna ugomvi. Utasikia nasukuma, na utasikia kelele, kwa sababu mfupa hubeba sauti. Lakini ukisikia maumivu, inua mkono nami nitaacha."

Sindano ilikuwa mbaya kama alivyoahidi. Kisha ganzi ikaja polepole, mdomo ukawa mnene na mgeni, kana kwamba amekopeshwa mdomo wa nyumbu. Daktari akangoja, akagusa, akangoja tena. Alipoanza kusukuma, kwa ndani kabisa kitu kikamchoma, na Don Heladio akainua mkono, nusu kwa kujaribu tu, bila kutumaini.

Daktari akaacha. Akaacha papo hapo, akatoa mikono yake kinywani mwa mzee, akasema, "Sawa. Tunaongeza," akaongeza ganzi na kungoja upya, bila kuguna wala kuhema.

Baadaye, Don Heladio alipokuwa akisimulia habari hii, na aliisimulia sana, hapo ndipo alipokuwa anapunguza sauti. Alikuwa ameishi miaka mingi na kukutana na wanunuzi wa kahawa, wakubwa wa ofisi, askari wa barabarani. "Nimeinua mkono mara nyingi maishani," alikuwa akisema. "Hakuna aliyewahi kuacha."

Jino halikushindana sana. Daktari alilishika kwa koleo, akalizungusha taratibu kama mtu anayefungua kifuniko cha mtungi wa mwenzake, ukasikika mlio mkavu ndani ya fuvu, kisha kitu kikaachia. Nyuma yake usaha ukatoka, na pamoja nao lile shinikizo lililokuwa limemkaba uso mzima likashuka, likashuka, mpaka likaisha. Daktari akamwonyesha jino kwenye kibakuli. Lilikuwa dogo. Kwenye mzizi ulionekana ufa, mwembamba kama unywele, kutoka juu hadi chini.

Machozi yakaanza kumtiririka Don Heladio, kwa jicho lile moja lililokuwa wazi.

"Inauma?" daktari akauliza haraka.

Akatikisa kichwa.

"Sasa unalia nini, mzee?" akasema Doña Cirila, ambaye alikuwa bado ameishikilia miguu yake, na ambaye naye alikuwa analia.

"Haiumi," Don Heladio akasema kupitia pamba. "Nalia kwa sababu haiumi."

Daktari alikaa naye mpaka damu ikakata na homa ikaanza kulegea. Huko nje mvua iliendelea, na bendi haikuondoka. Walijibanza chini ya ukingo wa paa, Don Tranquilino akiwa ameifunika tarumbeta yake nene kwa koti huku yeye mwenyewe analoa. Vidonge vipya daktari hakumpa mgonjwa. Alimkabidhi Doña Cirila mkononi na kumkunjia vidole juu yake. "Umeelewa?" "Nimeelewa, mwanangu. Huyu atavimeza hata kwa mwiko."

Don Heladio alilala siku iliyofuata karibu yote. Alipoamka, Doña Cirila alikuwa amemwinamia kuangalia kama anapumua. Akamletea atole, uji wa mahindi aliouacha upoe, na Don Heladio akaunywa kwa midomo iliyopinda, nusu ukimwagikia shingoni, akasema hajawahi kunywa atole kama ile. Mkewe akamwambia ni ileile ya siku zote. Akasema hapana, ya siku zote alikuwa anaimeza tu, akisubiri iteremke upande usiouma.

Siku ya Santa Rufina alitoka nyumbani mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi. Akaiingiza mifukoni, akaitoa, akaifunga mgongoni, akatafuta nafasi kwenye benchi la uani kwa kanisa kati ya akina mama wenye vikapu vya tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani. Alikuwa amejiandaa kwa uchungu. Alikuwa amemwambia Cirila kwamba ikizidi atarudi nyumbani. Na alipomwona Oralia anainua tarumbeta ya kwanza, mabega yake yamekakamaa kwa hofu, Don Heladio naye akavuta pumzi bila kujua, kana kwamba ni yeye anayeanza.

Oralia akaanza, na bendi ikamfuata.

Tangu ujana wake Don Heladio alikuwa amekaa ndani ya ile sauti. Akiwa ndani, alisikia tarumbeta yake mwenyewe, na goti la Tranquilino likipiga mdundo, na kosa la zumari ya tatu. Hakuwahi kukaa nje. Sasa sauti ilimjia nzima, imevuka ua, imegonga ukuta wa kanisa ikarudi, zumari zikimwagika juu, tarumbeta nene ikitembea chini kama ng'ombe mwenye heshima zake, na juu ya vyote Oralia, ambaye hofu ilikuwa imemtoka na sauti yake imesimama wima. Vikongwe waliokuwa benchini walikuwa wamefumba macho. Mwanamume mmoja mlevi alikuwa amevua kofia.

Daktari Fabiola akaja na tamale mkononi, akakaa kando yake, akamwangalia kwanza jicho, kisha mdomo, kwa mazoea ya kazi.

"Inasikikaje?" akauliza.

"Daktari, mimi sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kwamba tu wazuri hivi."

Mvua zilipokwisha na kidonda kupona, daktari alimpima na kumletea kutoka mjini jino la bandia. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kupiga tarumbeta. Don Heladio alikwenda na tarumbeta yake zahanati, maana daktari alisema hawezi kulirekebisha jino bila kuona kazi litakalofanya. Mlio wa kwanza ulikuwa wa bata aliyekanyagwa. Watu waliokuwa kwenye foleni nje wakaangua kicheko, na mwanamke mmoja akapaza sauti, "Daktari, mwachie huyo mnyama, ameshateseka!" Daktari akalitoa jino, akalikwaruza kidogo upande wa nyuma, akalirudisha. Bata tena. Akalikwaruza tena. Walihangaika hivyo mpaka mzee akatoa sauti moja ya chini, safi, ndefu, na huko nje kicheko kikakoma.

Sauti za juu hazikurudi. Alizijaribu nyumbani, alizijaribu shambani mbele ya mibuni, na kila alipofika pale juu jino lilicheza na pumzi ikamponyoka. Kwa siku kadhaa alikuwa hasemezeki. Kisha jioni moja aliingia chumba cha bendi, akapita kiti chake cha zamani, akakaa kile cha pili, akamwambia Oralia asogee. Oralia akaanza kukataa, machozi yako karibu. "Wewe kaa," akamwambia. "Ulituongoza siku ya Santa Rufina ukitetemeka. Usipotetemeka itakuwaje? Mimi nitakushikilia kwa chini." Na kweli akagundua kwamba tarumbeta ya pili ina raha yake, raha ya mtu anayebeba kitanda upande wa miguuni na kuona njia nzima.

Mavuno yalipoingia, alichagua kahawa punje kwa punje, akaikaanga Doña Cirila, wakampelekea daktari. Daktari akasema ni nyingi mno. Don Heladio akamjibu kwamba si malipo, ni kahawa tu. Malipo anayafikiria bado.

Akayapata. Alianza kuwaletea watu zahanati. Alimleta seremala aliyekuwa anatafuna upande mmoja tangu Pasaka. Alimleta dada yake Cirila, aliyekuwa anaogopa kila kitu. Alikaa nao kwenye benchi, akawafunulia pengo lake kwa kulitoa jino na kulirudisha, akawaeleza habari ya kuinua mkono. Vipaza sauti vya kijiji vilikuwa vimetangaza huduma ya meno mwaka mzima bila kuleta hata nusu ya watu aliowaleta yeye.

Mgumu kuliko wote alikuwa Don Tranquilino, ambaye gego lake la nyuma lilianza kumsumbua Novemba, siku zilezile za kuwakumbuka wafu, bendi inapopiga kutoka kaburi hadi kaburi. Alilificha vizuri, lakini hakuna awezaye kumficha mtu aliyepita njia hiyo.

"Kompadre, leo ulikuwa unapiga au unalia?"

"Niache."

"Nauliza tu."

Kesho yake waliketi wawili nje ya zahanati, Don Tranquilino amefunga kitambaa shavuni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mlango ukafunguliwa na daktari akaita jina lake. Hakuinuka.

"Anaita mwingine," akasema.

"Kuna Tranquilino mwingine hapa?"

"Labda yuko njiani."

Don Heladio akamshika kiwiko, akamwinua kama wanavyoinua sanamu ya mtakatifu kuiweka begani, akaingia naye ndani, na alipoona rafiki yake amelala kitini macho ameyakaza kwenye taa, akavuta kigoda upande wa miguuni, akaishika miguu yake yote miwili.

"Niko hapa," akamwambia. "Anza, mwanangu. Huyu naye ana mikono, ataiinua akitaka."